Msiba Chini ya Zege Bichi

Ukitaka kujua watu wa kwenu wanakuonaje, jenga ghorofa. Mimi nilianza kujenga katika umri ambao wenzangu walikuwa bado wanaomba nauli kwa mama zao, na mtaa mzima ukanipa jina kabla sijamaliza msingi: Mama Ghorofa. Mtoto sina, mume sina, na ghorofa lenyewe lilikuwa bado shimo, lakini jina likashika. Wazee wakiniona na kofia ya plastiki kichwani waliniuliza kama naenda vitani. Wasichana niliosoma nao waliniuliza, kwa huruma ya uongo, kama bado sijachoka.

Nilianza na kibanda kimoja cha marehemu baba. Nikakikarabati, nikakipangisha. Kodi ya kibanda ikazaa vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, na vyumba vile vikazaa kiwanja cha kona, mkabala na duka la mikate. Pale ndipo nilipoamua kujenga nyumba ya kweli, maduka chini na fleti juu. Walionunua fleti zikiwa bado kwenye karatasi ni watu walionijua tangu natambaa. Mwalimu wangu wa hesabu, ambaye sasa amestaafu, alikuwa wa kwanza. Alinipa mkono akasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Nilicheka. Kumjengea mgeni ni biashara. Kumjengea mtu aliyekufuta kamasi kunatisha, maana nyumba ikiwa mbovu huna pa kukimbilia.

Sasa, wiki ile tulikuwa tumemwaga zege la ghorofa ya kwanza. Kwa asiyejua kazi hii: zege likimwagwa juu, hushikiliwa na mbao, na mbao hushikiliwa na miti mingi iliyosimama karibu karibu kama mahindi shambani. Mafundi wanaiita mirunda. Haiguswi mpaka zege likomae, na kukomaa si kukauka. Zege linaweza kuwa gumu la kukuvunja kidole, na bado likawa halina nguvu ya kujibeba lenyewe. Mambo haya nilimweleza mama yangu mara nyingi. Aliitika "ndiyo mwanangu" kwa sauti ile ile anayoitikia redio.

Nilikuwa nimesafiri kufuata nondo mama aliponipigia simu. Mwoka mikate, jirani yetu wa mkabala, alikuwa ameanguka dukani kwake asubuhi na hakuamka tena. "Rudi," mama alisema. "Msiba ni wetu." Nilirudi kesho yake, mchana, jua likiwa limefichwa na mawingu mazito.

Nilishuka kwenye gari nikakuta kona yetu imejaa watu. Mbele ya duka la mikate walikuwa wamesimamisha turubai, dogo, halitoshi hata nusu ya waliokuja. Nikaitazama miti iliyoshikilia turubai lile. Ilikuwa na madoa ya saruji. Nilijua ile ni miti yangu kabla akili haijakubali kujua.

Kisha nikageuka kutazama nyumba yangu. Ndani yake, chini ya zege, walikuwa wamekaa watu. Kina mama kwenye mikeka, wazee kwenye viti vya plastiki, watoto wamelala mapajani. Miti ya pembeni ilikuwepo. Ya katikati haikuwepo. Katikati pale palikuwa peupe, pamefagiliwa vizuri, na hapo ndipo walipoliweka jeneza.

Nilisimama mlangoni, mahali ambapo mlango ungekuja kukaa, nikainua macho. Mbao za juu zilikuwa zimelegea. Zege lilikuwa limeshuka kidogo, tumbo kama la mtu aliyeshiba, na ufa mwembamba ulikuwa umekata kutoka nguzo ya kushoto hadi usawa wa jeneza. Nataka kusema kwamba niliwaza haraka kuwaokoa watu wale, lakini ukweli ni kwamba kwa muda sikuwaza kitu. Nilikuwa naogopa tu.

Mama alikuwa nyuma kabisa, upande wa ngazi, anasimamia birika za chai. Aliponiona uso ulimng'aa.

"Umefika! Kawasalimie wazee kwanza."

"Mama, miti imekwenda wapi?"

"Miti gani?"

"Miti ya hapa katikati, Mama. Iliyokuwa imeshika zege."

"Ah, ile? Turubai lilikosa miti. Watu wanahangaika, wanataka kwenda kuazima huko mbali. Nikawaambia, mjengo wa mwanangu una msitu mzima, njooni mchague. Halafu turubai likawa dogo, nikasema basi na nafasi hii si ipo? Jirani yetu akaliliwe juani wakati nyumba kubwa kuliko zote hapa ni yako?" Alinikaribia, akashusha sauti. "Watu wamekusifu sana. Hata wale wenye vidomo."

"Fundi aliruhusu?"

"Fundi na vijana wake wako makaburini wanachimba. Nani atakaa kumngoja fundi? Nilipanda mwenyewe kwa ngazi, nikalichoma zege kwa kisu. Kisu kimekataa. Kavu kabisa!"

Alikuwa anatabasamu. Mama yangu ana tabasamu la mtu aliyekufanyia jambo zuri na anangoja ushukuru. Nilitaka kupiga kelele, na nilijua nikipiga kelele watu wangekurupuka, wangekimbia, wangeigonga ile miti michache iliyobaki, na hapo ndipo tungezikwa wote. Fundi simu yake haikupatikana. Nilimwambia Mama taratibu kwamba watu watoke, sasa hivi, polepole. Tabasamu lake lilizimika.

"Uwafukuze wafiwa? Mbele ya maiti? Kaongee na mjomba wako. Mimi sina ulimi wa kusema maneno hayo."

Mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama, ndiye huongoza misiba yote ya mtaani. Hakuna aliyemteua. Alikuwa karani wa stesheni maisha yake yote, na tangu astaafu anapanga watu kana kwamba kuna treni inakuja. Alikuwa amekaa karibu na jeneza, miguu kaipandanisha. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamnong'oneza kwamba nyumba si salama, tuhamie nje.

"Mtoto," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "msiba hauhamishwi kama kuku. Tutazika saa kumi. Baada ya hapo utarudishiwa nyumba yako."

"Mjomba, hili zege bado bichi."

"Bichi! Mama yako kalichoma kisu." Akawageukia wazee wenzake. "Huyu anaogopa tutamchafulia sakafu."

Wakacheka, kicheko kile cha msibani, cha chini chini. Ni kweli walinipenda, wale wazee. Walinipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mjomba akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nikawaza kwamba leo mambo yasingeishia kwenye guu.

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa kiti cha tatu. Yeye hakucheka. Alinitazama juu ya miwani yake, kama zamani nilipoandika jibu bila kuonyesha njia.

"Kwani nyumba ina tatizo?" aliuliza.

Watu wanne waliokuwa wamenunua fleti walikuwa wamekaa pale, nami nilimjua kila mmoja alivyozipata pesa zake. Nikisema ndiyo, hakuna mtu katika mji ule atakayeninunulia hata choo. Nikisema hapana, nitakuwa nimewakalisha chini ya zege hilo. Wakati huo huo kutoka juu kulitoka mlio mdogo, kwee, wa ubao unaobebeshwa mzigo usio wake, na punje za mchanga zikadondoka kwenye kikombe cha mama mmoja aliyekaa mkekani. Akazitoa kwa kidole, akakifunika kikombe kwa kisahani, akaendelea kuongea.

Niliinuka, nikaenda moja kwa moja kwa mjane.

Mke wa mwoka mikate alikuwa amekaa kichwani pa jeneza, amejifunika khanga, macho makavu yaliyovimba. Wanawake walinisogezea nafasi wakidhani nakwenda kulia naye. Nikamkumbatia, mdomo wangu sikioni mwake.

"Mama, nisamehe kwa kukuambia jambo kama hili leo. Hili zege lililo juu yetu limeondolewa miti yake. Linaweza kushuka. Wazee hawanisikii."

Hakutikisika. Nilihisi pumzi yake shingoni kwangu.

"Litaanguka?"

"Sijui. Naogopa sana."

"Unaogopa kweli, au unaiogopea nyumba yako?"

"Naogopa kweli."

Alinishika mkono, akauona unavyotetemeka, na nadhani mkono ule ndio aliouamini kuliko maneno yangu. Akasimama. Watu wote wakanyamaza, kwa sababu mfiwa mkuu akisimama kila mtu hungoja kusikia.

"Mume wangu anaona joto humu," alisema. "Maisha yake yote amekaa mbele ya tanuri. Mtoeni nje apate upepo."

Mjomba alifungua mdomo. "Shemeji, lakini mipango..."

"Mtoeni nje."

Siku ya msiba mjane habishiwi, hata na karani wa stesheni. Wanaume sita wakaliinua jeneza. Nilikimbilia kwenye mti uliokuwa karibu na mlango, nikaukinga kwa mwili wangu, mikono nimeitandaza, ili mtu asiugonge wala kuuegemea. "Polepole, wazee wangu, polepole, mama zangu," nilikuwa nasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba ya kitoto. Pembe ya jeneza ilipita jirani na mti mwingine, ikaukwaruza. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua jeneza lilikuwa limepita na wanawake walikuwa wanalifuata, na watoto nyuma yao, na mikeka, na wazee wamebeba viti vyao wenyewe kwa uso wa kukasirika. Aliko maiti ndiko uliko msiba. Hilo hata Mjomba alikuwa hana la kulifanya.

Walipokwisha kutoka nilitapika nyuma ya lundo la kokoto.

Fundi mkuu alifika akiwa na udongo wa kaburi magotini. Ni mtu mwenye maneno mengi, ambaye hata kufunga kitasa anakusimulia, lakini alipotupa jicho mle ndani hakusema kitu. Alirudi kinyumenyume mpaka alipokanyaga barabara.

"Nani katoa?"

"Mama."

Akaitikia kwa kichwa tu. Mama wa mtu hatukanwi. Tukasimama tunatazama ule ufa, ambao sasa ungeweza kuuingizia ukucha.

"Kuna njia mbili," alisema. "Vijana wawili wenye roho ngumu waingie, turudishe miti, tuibane. Likikubali, limekubali. Au tuliache kama lilivyo tuone kama litakesha."

"Na wakiwa ndani likakataa?"

Vijana wake walikuwa wamesimama nyuma yetu na majembe, na mmoja wao, mtoto wa shangazi yake, alikuwa tayari anavua koti. Nikamwambia alivae. Nilisema hakuna mtu atakayeingia mle ndani kwa ajili ya nyumba yangu, na nilipolisema hilo niliona fundi anashusha mabega. Alikuwa na hofu kama mimi, ila yeye anaificha kwa ukubwa.

Kama siku ile ingekuwa ya jua, hadithi yangu ingeishia pale. Lakini mvua ilianza. Matone ya kwanza yalipiga turubai, makubwa, na watu waliokuwa wamebaki nje wakaanza kutazamana. Zilikuwa zimebaki saa mbili kabla ya kuzika. Jeneza lilikuwa salama chini ya turubai pamoja na mjane, lakini wengine wote hawakuwa na pa kujificha, na mbele yao, hatua chache tu, kulikuwa na nyumba kubwa, kavu, tupu.

Mjomba alikuwa wa kwanza kunyanyua kiti chake.

"Tumekaa humo tangu asubuhi," alisema. "Nyumba haijaanguka. Kilichoanguka ni mvua."

Watu wakacheka kwa nguvu safari hii, wakaanza kusogea. Mimi na fundi tukajipanga mlangoni, tunawasihi. Ghorofa lilikuwa bado halina kuta, lina nguzo tu. Ukiziba mbele watu wanazunguka ubavuni. Na katika hangaiko lile nikamwona Mama. Alikuwa ameshaingia. Alipita upande wa ngazi na kiti mkononi, akakiweka katikati kabisa, pale lilipokuwa jeneza, akakaa. Akajipangusa mvua usoni, akakunja mikono, akatutazama sisi wote tuliokuwa nje.

"Mnaona?" alisema kwa sauti. "Nyumba ya mwanangu ni nzima."

Sijawahi kuogopa vile na sitaki kuogopa vile tena. Fundi alinishika mkono, nikauchomoa, nikaingia.

Ndani kulikuwa na harufu ya saruji mbichi na chai. Nilitembea taratibu, kana kwamba zege lingesikia nyayo zangu. Nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mama, twende."

"Siendi." Aliongea bila kuchezesha midomo sana, ili watu wasisikie. "Umenitia aibu. Umewatoa watu na maiti yao mpaka mvuani, sasa kila mtu atasema nyumba yako mbovu. Watataka pesa zao. Nikikaa hapa wataona. Mama mzazi hawezi kukaa chini ya nyumba mbovu."

"Ndiyo maana umekaa?"

"Kwani ningekaa kwa nini? Nina raha gani mimi hapa?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikaelewa kwamba alikuwa ameshajua. Alijua tangu aliponiona nimeukinga ule mti kwa mwili wangu. Alikuwa amekaa pale anailinda nyumba yangu kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Mbao zikalia tena juu yetu, na safari hii hazikunyamaza haraka.

"Mama, hii nyumba leo ni mbovu. Nakuambia mimi niliyeijenga. Siwezi kukaa humu."

"Mbona umo?"

"Kwa sababu wewe umo. Ukikaa, nakaa."

Nikakaa chini, sakafuni, nikaegemea miguu yake. Sikufanya hivyo kwa ujanja. Miguu yangu ilikuwa imekataa tu. Nikasikia mkono wake kichwani kwangu, kisha kwenye shavu, na nadhani alishtuka kukuta meno yangu yanagongana.

"Unatetemeka hivi?" alisema. "Mwanangu, unatetemeka hivi?"

Akainuka. Alinivuta mkono kama alivyokuwa akinivuta barabarani zamani, tukatoka pamoja kwenye mvua, na kiti tukakiacha pale.

Lakini watu walikuwa bado wanasukuma. Mvua ilikuwa imekolea, na mimi kumtoa Mama hakukuwaridhisha, maana walichokiona ni mama aliyekaa na nyumba ambayo haikuanguka. Kuna akina mama waliokuwa wameshaingiza watoto ubavuni, chini ya ukingo. Nilijua kwamba sitaweza kuwazuia kwa maneno. Nitazuia hapa, watapita pale. Nitazuia leo, kesho watakuja watoto kucheza. Kwa watu hawa nyumba ingekuwa salama hadi siku itakapoua.

Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa mbele ya kiwanja, na dereva wake alikuwa ndani anakula karanga. Nikamgongea kioo.

"Una kamba ya chuma?"

"Ninayo."

"Funga nyuma ya lori. Unanivutia miti yangu."

Alinitazama, akaitazama nyumba, akaacha kutafuna. Miti iliyobaki ilikuwa imepigiliwa mbao za mkingamo, mmoja na mwenzake, mstari mzima. Ukivuta wa pembeni, unavuta wote. Fundi aliifunga kamba mwenyewe akiwa nje, mkono tu ndio ulioingia chini ya zege, na nilisikia akinong'ona kitu kilichokuwa ama sala ama matusi.

Nikapanda juu ya lundo la kokoto. Nilikuwa nimelowa chepechepe, kofia yangu ya plastiki ilikuwa imepotea.

"Sikilizeni!" nilipiga kelele. Sasa nilikuwa naweza kupiga kelele. "Nyumba hii ni mbovu. Naiangusha sasa hivi. Tokeni chini yake!"

Mwalimu wangu wa hesabu, maji yanamtiririka kwenye miwani, akauliza kile walichotaka kuuliza wote. "Na fleti zetu?"

"Nitajenga upya, Mwalimu. Nikishindwa, nitauza kiwanja niwarudishie. Sijui kama nitaweza. Lakini hakuna atakayekufa humo."

Mjomba alisema nimechanganyikiwa. Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akamshika yule mama aliyekuwa karibu naye, akamsogeza barabarani yeye na mtoto wake. Wengine wakamfuata. Labda walimwamini yeye, labda waliliogopa lori. Nikaingia mara moja ya mwisho kuangalia. Kiti kimoja, mikeka miwili, birika za chai kando ya ngazi. Hakuna mtu. Nikazunguka nyuma, nikatazama tena. Nikarudi mbele, nikampungia dereva mkono.

Lori likaunguruma, kamba ikakaza. Kwa muda hakikutokea kitu, nikapata wazo la kijinga kwamba labda Mama alikuwa sahihi, labda kisu kilikataa kweli, na kwamba nimejiaibisha bure. Kisha mstari wa kwanza wa miti ukalala.

Sitaki kuusimulia mlio. Ardhi iliruka chini ya miguu yangu. Vumbi lilitoka pande zote licha ya mvua, jeupe, likatufunika, nikawa sioni hata mkono wangu. Zege lote la ghorofa ya kwanza lilikuwa chini.

Hakuna aliyelia mwanzoni. Kisha kutoka kwenye vumbi mtu mmoja akaita, "Bibi!" na bibi akaitika. Mwingine akaita, "Kaka! Kaka uko wapi?" Ikawa mtaa mzima unaitana. Shangazi, Wifi, Baba Mdogo, Mwalimu, na kila jina likajibiwa kutoka mahali fulani, na kila aliyejibiwa akaanza kulia. Nilimsikia hata Mjomba anaita majina ya wajukuu zake moja moja, sauti imemkauka, hana tena treni ya kupanga.

Mimi nikaita, "Mama!"

Hakuitika. Nikaita tena. Nikakumbuka birika zake pale kwenye ngazi. Nikamwona kichwani mwangu akizungukia nyuma wakati mimi napunga mkono, kwa haraka, kwa siri, kuokoa birika za watu. Nikaanza kukimbia kuelekea kwenye kifusi. Fundi akanidaka kiunoni, nikampiga kiwiko, nikaita kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo.

Vumbi likashuka. Mama alikuwa ameketi barabarani, kwenye matope, mgongo kauegemeza tairi la lori. Birika moja ameikumbatia kifuani. Macho yake yalikuwa kwenye kifusi, na midomo yake ilikuwa inacheza, inacheza, bila kutoa chochote.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika uso kwa mikono miwili.

"Mama, nimekuita! Nimekuita mara ngapi!"

Alinitazama kama mtu anayeamshwa.

"Lakini nimeitika," alisema, na ilikuwa sauti ndogo sana, imetoka mbali. "Kila ulipoita nimeitika. Hukunisikia?"